Chai isiyochemshwa: mwongozo wa Fenghuang Dancong, kutoka jani hadi kikombe

Ukiletewa kikombe cha Mi Lan Xiang, mojawapo ya chai za Fenghuang Dancong, bila kuambiwa lolote, swali la kwanza litakuwa: humu kumetiwa nini? Pua inapata asali, kisha ua, kisha tunda bivu lililo karibu sana na shokishoki. Sisi tuliolelewa na chai ya viungo tunajua kwamba harufu huja na kitu: iliki, mdalasini, tangawizi, mchaichai. Hapa hakuna kilichotiwa. Ni majani ya chai na maji, basi. Harufu yote imetengenezwa ndani ya jani na watu waliokesha nalo usiku kucha, kisha ikafungiwa humo kwa moto. Kazi ya anayeandaa ni kuitoa bila kuiharibu, na kwa sufuria juu ya jiko, hilo haliwezekani.

Ni chai gani hii

Fenghuang Dancong ni ya jamii ya ulongi; kwenye pakiti utaona imeandikwa Oolong. Ulongi ni chai ya kati. Jani halikubakizwa kijani kama chai ya kijani, wala halikuachwa ligeuke lote kama majani meusi ya Kericho au Mufindi. Inatoka milima ya Fenghuang, kaskazini mwa jiji la Chaozhou, katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Mlima unaotajwa kuliko yote ni Wudong, wenye kimo cha mita 1,391. Huko juu ipo michai yenye umri wa miaka mamia, na si vichaka vya kufika kiunoni tulivyovizoea bali miti hasa, ambayo wachumaji huipanda kwa ngazi.

Kwa desturi ya huko, mti bora ulichumwa peke yake, majani yake yakasindikwa peke yake na kuuzwa peke yake, kwa sababu miti miwili iliyosimama jirani yaweza kutoa harufu mbili zisizofanana hata kidogo. Miti iliyopendwa ilizalishwa kwa vikonyo, na kila ukoo ukapewa jina kwa harufu yake. Mi Lan Xiang ni ya asali na okidi. Huang Zhi Xiang inaelekea ua la gadenia, Xing Ren Xiang ina lozi, Jiang Hua Xiang ina ua la tangawizi, Mo Li Xiang ina asumini. Halafu kuna Ya Shi Xiang, ambayo tafsiri yake ni harufu ya kinyesi cha bata. Usiikimbie, ni miongoni mwa Dancong zenye ua safi kabisa. Simulizi la huko ni kwamba mwenye mti aliupa jina baya ili majirani wasimwibie vikonyo. Mwaka 2014 ilipewa jina jipya la Yin Hua Xiang, ila soko halijaliacha la zamani, kwa hiyo ukikutana na majina yote mawili, chai ni ileile.

Anayeanza namshauri Mi Lan Xiang. Inapatikana kwa urahisi kuliko nyingine, na mkono ukiwa bado haujazoea, haikuadhibu sana.

Harufu inavyoingia ndani ya jani

Sehemu hii usiiruke hata kama una haraka ya kunywa, kwa sababu kila kanuni ya kuandaa inatokana nayo.

Katika mashamba yetu mchumaji hutafuta majani mawili na chipukizi. Kwa Dancong chipukizi hungojwa lifunguke kwanza, liwe jani, ndipo lichumwe pamoja na majani machache yaliyokomaa chini yake. Jani changa mno halistahimili misukosuko linayokwenda kukutana nayo. Msimu mkuu ni kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, na huchumwa mchana wa jua, umande ukishakauka.

Alasiri hiyohiyo majani hutandazwa juani kwa muda mfupi, hadi yalegee. Ukishika kikonyo, jani linaning'inia badala ya kusimama. Kisha huingizwa ndani yapoe kivulini.

Usiku ndipo kazi ilipo. Majani yamo kwenye nyungo kubwa za mianzi. Kila baada ya saa moja na nusu au mbili, mtu huingiza mikono chini yake, huyainua, huyagonganisha kwa upole, kisha huyaacha yapumzike. Mizunguko hii hufika mitano au sita. Ya mwanzo ni mepesi, ya mwisho ni mizito, na siku hizi wengi hutumia pipa la mianzi linalozungushwa kwa ile mizito. Kugongana huku huchubua kingo za jani. Pale palipochubuka utomvu unakutana na hewa, vimeng'enya vinaanza kazi, na ukingo unageuka mwekundu huku katikati pakibaki kijani. Jani lililoumia lakini lingali hai hujibu kwa kutengeneza kemikali za harufu: linalooli, geranioli, nerolidoli, indoli. Linalooli na indoli zimo pia katika ua la asumini lenyewe. Kwa hiyo pua yako inaponusa ua kikombeni, haijakosea.

Msindikaji huongozwa na pua. Mwanzoni ungo unanuka majani mabichi. Baadaye harufu inakuwa kali, bado ya kijani. Karibu na alfajiri inageuka ua. Akiwahi kusimamisha, chai itabaki na ubichi. Akichelewa, ua limeshapita na kilichobaki kinakaribia chai nyeusi ya kawaida. Katika shughuli zote za chai, hakuna hatua ninayoiheshimu kuliko kusubiri huku.

Ikifika, majani hutiwa kwenye karai la moto mkali, na vimeng'enya vinasimama papo hapo. Yakiwa bado laini husokotwa yawe vipande virefu vilivyopinda, kisha hukaushwa. Mwisho hubanikwa polepole juu ya mkaa uliofunikwa majivu, kwa vipindi, na mapumziko marefu kati ya kipindi na kipindi. Moto mwepesi huliacha ua mbele. Moto mzito hulirudisha ua nyuma na kuleta asali nzito, matunda makavu na karanga za kukaanga. Chai iliyotoka motoni karibuni huwa na ukali wa moto wenyewe. Ukiipata hivyo, iache wiki kadhaa kwenye kopo lililofungwa, itatulia.

Kununua

Chai hii haijazagaa madukani Afrika Mashariki, kwa hiyo wengi wetu tutaiagiza au tutamtuma mtu anayesafiri. Muulize muuzaji mambo matatu: ni ya ukoo gani, ni ya msimu gani, na imebanikwa kwa moto mwepesi au mzito. Asiyeweza kujibu hayo hajui anachouza.

Majani mazuri ni marefu, mazima, yamepinda, rangi yake kati ya kahawia iliyoiva na kijani kilichofifia, na hayana vumbi chini ya pakiti. Harufu ya majani makavu iwe ya upole. Ukifungua pakiti ukapigwa na harufu ya peremende inayong'ang'ania vidoleni, kisha ukiyatia majani hayohayo maji mara ya tatu ua likawa limetoweka kabisa, jua kwamba chai imepakwa manukato. Harufu ya kweli iko ndani ya jani na hutoka kidogo kidogo, maji baada ya maji. Na akikuambia ni ya miti ya karne nyingi ya Wudong kwa bei ya chai ya kawaida, mshukuru na uende zako. Miti hiyo ni michache, na mavuno yake huwa na wanunuzi wake mapema. Dancong ya mashamba ya chini, ikiwa imesindikwa kwa uangalifu, inatosha kabisa kukufundisha.

Vyombo

Watu wa Chaozhou wana utaratibu wao wa kuandaa chai hii, unaoitwa gongfu cha. Mwaka 2022 UNESCO ilipoorodhesha ufundi wa jadi wa chai wa China kuwa urithi wa utamaduni, utaratibu wa Chaozhou ulikuwa ndani yake. Wao hutumia birika dogo la udongo mwekundu au gaiwani, yaani bakuli dogo la kauri lenye kifuniko na kisahani. Anza na gaiwani ya mililita 100 hadi 120. Kauri hainywi harufu, haikufichi kitu, na ukitaka kuona majani unafunua kifuniko tu.

Vikombe tunavyo. Vile vikombe vidogo vya kahawa visivyo na mkono, vya Lamu, Mombasa na Unguja, vinafaa vizuri sana. Tafuta vyeupe kwa ndani ili uone rangi ya chai, na visiwe vile ambavyo kahawa imeshavigandia. Ongeza birika la kuchemshia, sinia la kupokea maji yatakayomwagika, na mizani ndogo ya jikoni kama unayo. Kijiko hakisaidii kupima majani haya. Ni marefu mno.

Kama huna gaiwani, kikombe cha kauri chenye midomo iliyopanuka kidogo na kisahani cha kufunikia kitakufikisha.

Maji

Maji ni nusu ya chai hii. Yenye chumvi, kama ya visima vingi vya Dar es Salaam na mwambao, yanalizima ua kabisa. Maji yenye chokaa nyingi huacha utando juu ya kikombe na ladha butu. Tumia maji ya chupa yenye madini kidogo, au ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchujwa.

Joto liwe la juu, kati ya nyuzi 95 na 100. Hapa unapoishi panahesabika: Dar es Salaam au Mombasa maji huchemka kwenye 100, kwa hiyo yakishachemka ruhusu sekunde chache kabla ya kumimina. Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi kama 94, basi mimina yakiwa bado yanatokota. Usiyaache yachemke muda mrefu wala usiyachemshe upya mara nyingi.

Kuandaa, hatua kwa hatua

1. Pasha vyombo. Mimina maji ya moto ndani ya gaiwani, funika, kisha yatumie hayohayo kuosha vikombe. Chombo baridi kinaiba joto la maji ya kwanza, na maji ya kwanza hayarudi.

2. Tia majani gramu 7. Bila mizani, yajaze yalegelege hadi karibu robo tatu ya gaiwani. Utaona ni mengi kupita kiasi. Si mengi, chai hii hutengenezwa kwa majani mengi na muda mfupi. Funika, tikisa mara mbili taratibu, fungua kifuniko na unuse. Majani yaliyopata joto la chombo hutoa harufu ambayo huipati tena baadaye.

3. Suuza. Mimina maji, na mara moja yamwage. Wengine hawasuuzi wakiwa na chai nzuri sana. Mimi nasuuza kila chai iliyobanikwa kwa moto mzito, ili ukali wa juu uondoke na majani yaanze kufunguka.

4. Maji ya kwanza. Inua birika juu kidogo na umimine kwa kuzungusha pembeni mwa gaiwani. Usipige katikati ya majani, maana ukiyapiga moja kwa moja yanatoa uchungu mapema. Povu likipanda, lipanguse kwa ukingo wa kifuniko. Usijaze hadi ukingoni, utaungua. Funika, hesabu hadi tano, sita, kisha mimina.

5. Kushika gaiwani kunataka mazoezi. Kidole gumba na cha kati vishike ukingo uliopanuka, kila kimoja upande wake. Cha shahada kikae juu ya kifundo cha kifuniko. Sogeza kifuniko kidogo, mwanya uwe mwembamba tu, halafu inamisha bila kusita. Anayesita ndiye anayeungua, kwa sababu mvuke unampata. Fanya mazoezi kwanza na maji ya baridi.

6. Kugawa. Chaozhou huweka vikombe vitatu vikigusana, hata wageni wakiwa wengi zaidi, na watu hunywa kwa zamu. Humimini kikombe kikajaa ndipo uende cha pili. Unazungusha juu ya vyote, kidogo hapa, kidogo pale, mkono ukiwa chini karibu na vikombe ili harufu isipotelee hewani. Wao huita hivyo kuwa ni Guan Gong, jemadari wao wa kale, akizunguka kukagua mji. Matone ya mwisho, ambayo ndiyo mazito kuliko yote, hugawiwa tone kwa tone kila kikombe. Hapo ni Han Xin, jemadari mwingine, akihesabu askari wake. Lengo ni usawa: asiwepo mgeni aliyepata chai nyepesi na mwenzake nzito. Na gaiwani ibaki kavu. Maji yakisalia na majani, yanaendelea kutoa uchungu wakati nyinyi mnanywa, na maji yanayofuata yameshaharibika kabla hujayamimina.

7. Rudia. Kwa nazi moja tunapata tui la kwanza, la pili na la tatu, na majani haya nayo yanakwenda hivyo, ila hutiwa maji mara nane hata kumi, na bora zaidi si ya kwanza: ni ya pili hadi ya nne. Maji ya pili yape sekunde tano tu, kwa kuwa majani yameshafunguka. Ya tatu nane, ya nne kumi, ya tano kumi na tano, ya sita ishirini, ya saba thelathini, na kuanzia hapo ongeza kwa kadiri ya ladha yako.

Kunywa

Bila sukari wala maziwa. Maziwa yanafunika kila kitu ambacho msindikaji alikesha akikitafuta.

Onja kwa mafunda madogo, ukivuta na hewa kidogo mdomoni. Kwanza utapata ukali mdogo pembeni mwa ulimi, na baada ya kumeza subiri. Chai nzuri ya mlimani inarudisha utamu kooni baada ya muda mfupi, na utamu huo unakaa. Kisha nusa kikombe kitupu, kikiwa bado na joto: ndani yake asali imebaki, nzito kuliko ilivyokuwa kwenye chai. Nusa na upande wa chini wa kifuniko. Kwenye maji ya pili kifuniko kina ua, kwenye ya tano kina tunda, kwenye ya nane kina harufu ya mti uliolowa. Ukiwa na wenzako, kipitishe, kila mtu aseme anachopata. Hutasikia majibu mawili yanayofanana.

Usiinywe tumbo likiwa tupu, maana inauma, wala usiinywe usiku kama una usingizi mwepesi. Anayehitaji kutunza madini ya chuma mwilini aiache ikae mbali na mlo, saa moja hivi, kwa kuwa chai hupunguza uwezo wa mwili kufyonza chuma cha kwenye maharage na mboga za majani. Kashata kidogo pembeni inapendeza.

Ikienda kombo

Chungu? Punguza muda kwanza, usipunguze majani. Karibu kila malalamiko ninayosikia kuhusu Dancong yanatokana na watu kuiacha dakika tatu ndani ya birika kama wanavyofanya na majani yao ya kila siku. Kwa asili yake chai hii huwahi kutoa uchungu, na hilo halimaanishi ni mbaya.

Nyepesi, haina harufu? Maji hayakuwa na joto la kutosha, au gaiwani ilikuwa baridi, au maji yenyewe yana chumvi. Badilisha maji kabla ya kulaumu majani.

Inakauka mdomoni, ina ubichi? Hapo kosa laweza kuwa la msindikaji. Ukimaliza, toa jani moja, lifungue kwenye kisahani cheupe. Linapaswa kuwa zima, laini, ukingo wake una wekundu unaoonekana na tumbo lake likielekea kijani. Jani la kijani kitupu halikugonganishwa vya kutosha. Jani lililokuwa jeusi lote, gumu, lisilofunguka, limeunguzwa na moto.

Njia mbili za siku ambazo huna nafasi

Kazini, weka gramu 3 kwenye bilauri au kikombe cha mililita 250, tia maji yaliyopoa kidogo, ngoja dakika mbili, chuja. Hutapata zile sura zote, lakini ua litakuwepo.

Kwa joto la mwambao kuna njia naipenda zaidi: gramu 5 kwenye nusu lita ya maji baridi, ndani ya friji, saa sita hadi nane. Maji baridi hutoa uchungu kidogo sana, na Ya Shi Xiang iliyobanikwa kwa moto mwepesi ikitengenezwa hivi inanukia maua waziwazi na inateremka bila ukali wowote.

Kuhifadhi

Kopo lisilopitisha hewa wala mwanga, na mbali na kabati la viungo. Chai inafyonza harufu haraka. Ikikaa wiki moja jirani na karafuu na bizari, umenunua chai ya Guangdong ukanywa pilau. Mwambao, ambako hewa ina unyevu mwingi, gawa kwenye vipakiti vidogo ili usifungue chai yote kila siku. Ya moto mwepesi imalize ndani ya mwaka. Ya moto mzito inakaa miaka kadhaa na huzidi kutulia.

Ikishika unyevu na harufu ikalala, usiitupe. Weka kikaango kikavu kisicho na harufu ya mafuta juu ya moto mdogo kabisa, tandaza majani, yageuze kwa mkono dakika chache hadi uisikie harufu ikiamka, kisha epua mara moja. Yaache yapoe kabisa ndipo uyarudishe koponi, na ungoje siku mbili tatu kabla ya kuyatia maji.